Je, Wajua? Mjamzito, Mbwa na Uwanja wa Mchanga

Mpwa wangu anayeishi Newala ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. Juzi alinipigia simu, na tulipokwisha kuamkiana akaniuliza jambo ambalo kwetu Wamakonde mjomba ndiye wa kuulizwa: "Mjomba, mama mkwe anasema mbwa wetu wawili watoke hapa kabla mtoto hajaja. Wewe wasemaje?"

Mbwa hao ndio walinzi wa nyumba msimu wa korosho, magunia yanapojaa mpaka sebuleni yakisubiri kupelekwa ghalani. Ndio pia wanaokwenda shamba la muhogo usiku kuwafukuza nguruwe pori. Kuwaondoa si jambo la kuamua kwenye simu. Nikamwomba wiki moja nisome, niulize, nihesabu. Haya ndiyo niliyomkusanyia, na nimeyaongeza kidogo kwa ajili ya wengine wa Newala, Masasi na Tandahimba, kokote ambako mbwa analala chini ya mkorosho na mama anahesabu miezi.

Je, wajua kwamba mbwa jike hubeba mimba siku 63 tu?

Hesabu ya kliniki kwa mwanamke ni siku 280, wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mbwa jike humaliza kazi hiyo kwa miezi miwili na siku chache. Kwa hiyo mwanamke anayefungua kadi ya kliniki akiwa na miezi mitatu, mbwa wake aliyeshika mimba wakati mmoja naye ameshazaa, na watoto wake wameshafumbua macho, maana hufumbua kati ya siku ya 10 na ya 14. Mtoto wa binadamu atakapozaliwa, watoto hao wa mbwa watakuwa na miezi saba. Meno ya utoto yatakuwa yameng'oka na ya ukubwa yamekamilika.

Nilimsisitizia mpwa wangu hesabu hii. Kitoto cha mbwa kinachochekesha leo kwa kuuma pindo la kanga kitakuwa mbwa mzima mtoto atakapofika. Tabia ya kuuma pindo isipokomeshwa sasa, pindo la kesho ni la nguo ya mtoto.

Je, mbwa anajua kwamba mama ana mimba?

Wanawake wengi watakuambia anajua: ghafla mbwa anamfuata kila hatua, analala mlangoni pake, anamkoromea mgeni aliyekuwa rafiki. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200. Ya kwetu inavyo milioni tano au sita. Mimba hubadilisha harufu ya mwili, mwendo, saa za kulala na hata sauti, na mbwa husoma hayo yote. Kwamba anaelewa kuna mtoto tumboni, hilo halijathibitishwa. Anachokijua kwa hakika ni kuwa mama yake hayuko kama jana.

Uwezo wa pua hiyo umeshapimwa kwa jambo linalomgusa kila mjamzito wa kusini. Watafiti walikusanya soksi zilizovaliwa usiku na watoto wa Gambia, wakawapa mbwa waliofunzwa huko Uingereza wazinuse. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, mbwa walizitambua soksi 70 kati ya kila 100 za watoto wenye vimelea vya malaria, na watoto hao hawakuwa wakionesha homa. Za wasio na malaria walizikataa kwa usahihi 90 kati ya 100. Mpwa wangu asisubiri pua ya mbwa, bila shaka. Kliniki kipo kipimo cha tone la damu ya kidole, vipo vidonge vya SP, na kipo chandarua.

Je, wajua kwamba ugonjwa ambao wajawazito huwaogopea mbwa ni wa paka?

Mara nyingi mjamzito huambiwa aondoe wanyama nyumbani kwa sababu ya kimelea kinachoitwa toksoplazma, ambacho mama akikipata kwa mara ya kwanza wakati wa mimba kinaweza kumdhuru mtoto macho na ubongo. Hofu hiyo ni ya haki, ila imeelekezwa kwa mnyama asiye wake. Kimelea hiki hutaga mayai yake ndani ya utumbo wa jamii ya paka peke yake. Na hata kinyesi cha paka hakiambukizi siku kilipotoka. Mayai huchukua siku moja hadi tano kuiva. Paka wa Newala hufukia haja yake kwenye mchanga wa uwanja au kwenye tuta la mchicha, kwa hiyo kazi ya kushika udongo huo apewe mwingine, au mama avae glovu na kunawa kwa sabuni. Njia nyingine ni nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa. Mbwa, katika shtaka hili, hana hatia.

Je, wajua kwamba kitoto cha mbwa huzaliwa kikiwa tayari na minyoo?

Hapa mbwa hana wa kumtetea, na hapa nitakaa kidogo.

Kuna mnyoo wa mbwa uitwao toksokara. Ndani ya mwili wa mbwa jike, viluwiluwi vya mnyoo huo hulala kwenye misuli miezi na miezi bila kufanya lolote. Mbwa akishika mimba na siku za kuzaa zikikaribia, viluwiluwi huamka, hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa watoto waliomo tumboni. Wengine huongezewa kwa maziwa ya mama. Ndiyo maana kitoto cha mbwa ambacho hakijawahi kukanyaga uwanja kina tumbo kubwa lililovimba, na kikifika umri wa wiki tatu au nne kinaanza kutoa mayai kwa maelfu. Dawa ya minyoo inatakiwa ianze kikiwa na wiki mbili, na irudiwe kila wiki mbili mpaka kiache kunyonya. Wengi wetu tunangoja akue kwanza, na tukingoja hivyo mayai yameshaingia ardhini.

Yakishaingia ardhini, mayai hayo huhitaji wiki mbili au zaidi yaweze kuambukiza, kisha huweza kudumu miaka. Fikiria sasa asubuhi zetu. Mama anaamka, anashika fagio, anafagia uwanja mpaka ung'are, mistari ya fagio ikionekana kama ya kuchora. Kinyesi cha mbwa kilichokauka anakisambaza pamoja na majani ya mkorosho. Mwanzo wa wiki hizo mbili ndio wakati wa kumshinda mnyoo: kinyesi kichotwe kwa koleo siku ileile kikiwa kibichi na kitupwe kwenye choo cha shimo, ndipo fagio lipite. Kazi ni ya dakika mbili, na tumbo likiwa kubwa ifanywe na baba.

Mtoto akila udongo wenye mayai yaliyoiva, viluwiluwi hutangatanga mwilini, kwenye ini, kwenye mapafu, na mara nyingine kwenye jicho, ambako vinaweza kuharibu uwezo wa kuona. Lugha yetu yenyewe inamwita mtoto mchanga, neno ambalo sikioni halitofautiani na mchanga anaokalia.

Na mama mwenyewe? Wanawake wengi wakiwa na mimba hutamani udongo. Wapo wanaonunua pemba, udongo wa kula, sokoni, wapo wanaomega udongo wa kichuguu au wa ukuta wa nyumba. Siwacheki, hamu ile ina nguvu, na wengi wenye hamu hiyo hukutwa na upungufu wa damu. Lakini udongo uliochotwa mahali mbwa wanapopita huja na abiria wake. Mwambieni muuguzi wa kliniki ukweli kwamba mnakula udongo. Madini chuma na dawa ya minyoo hutolewa hapohapo.

Je, wajua kwamba funza ni mgeni wa Afrika?

Bara hili halikuwa na funza wa miguuni kabla ya karne ya 19. Mwaka 1872 meli iliyoitwa Thomas Mitchell ilitoka Brazil ikafika pwani ya Angola, ikiwa na mchanga wa kuipa uzito, na ndani ya mchanga huo walikuwamo viroboto hao. Kwa nyayo za wapagazi, askari na misafara, funza alilivuka bara zima, na karne ilipokaribia kwisha alikuwa ameshafika pwani yetu. Anapenda mchanga mkavu, na uwanda wa Makonde ni mchanga mtupu. Anapenda pia miguu ya mbwa na nguruwe.

Anayejichimbia chini ya ukucha ni jike. Huingia ili akuze mayai, na huvimba mpaka ukubwa wa punje ya njegere. Mjamzito wa miezi minane haoni nyayo zake, haziinamii, hazifikii. Akaguliwe na mwenzake kila jioni, na mbwa naye akaguliwe katikati ya vidole. Kama funza atatolewa, sindano ichemshwe, maana pepopunda hupita kwenye tundu dogo kama hilo. Chanjo ya pepopunda ya kliniki isirukwe.

Je, wajua kwamba kuna mahali Afrika Mashariki mbwa alikuwa yaya?

Kaskazini mwa Kenya, katika Turkana kame ambako maji ni ya kutafutwa mwendo mrefu, mama alimweka mbwa karibu na mtoto, na mbwa alimsafisha kwa kumlamba kila alipotapika au kujisaidia. Kwa mahali pasipo na maji, ulikuwa ufumbuzi wenye akili. Lakini mbwa wale walikuwa wakila viungo vya ndani vya mbuzi na kondoo waliochinjwa, wakapata tegu mdogo ambaye mayai yake, yakiingia kwa binadamu, huota vifuko vya maji kwenye ini na mapafu. Turkana ikawa miongoni mwa sehemu zenye ugonjwa huo kwa wingi kuliko zote duniani, na mwaka 1983 shirika la afya la AMREF lilianzisha huko mpango wa kuudhibiti.

Uwanda wa Makonde si nchi ya mifugo mingi. Hata hivyo sikukuu zinakuja, mbuzi atachinjwa, na ini litakutwa na kifuko cheupe chenye maji. Lisirushwe kwa mbwa; lifukiwe shimo refu au lichomwe. Na mtoto akichafuka, asafishwe na mtu.

Je, wajua kwamba mbwa wa Masasi na Newala waliwahi kuwa sehemu ya jaribio la dunia?

Shirika la Afya Duniani lilichagua sehemu tatu ulimwenguni zioneshe kama kichaa cha mbwa kinaweza kutokomezwa katika nchi zisizo tajiri: Ufilipino, KwaZulu-Natal ya Afrika Kusini, na Tanzania. Kwetu kazi ilianza mwaka 2010 katika wilaya 28 za kusini mashariki na kisiwa cha Pemba, kwa fedha za Bill & Melinda Gates Foundation. Mtwara yote ilikuwamo. Watu walipanga foleni chini ya miembe na mbwa wao wakiwa wamefungwa kamba za katani, vipande vya chandarua, hata mikanda ya suruali.

Shabaha ilikuwa kuchanja mbwa 70 kati ya kila 100. Kiwango hicho kikifikiwa, virusi hukosa mbwa wa kurukia. Shida ni kwamba mbwa wa vijijini huishi miaka michache na huzaa sana, kwa hiyo wengi wa wale 70 wa mwaka huu mwakani hawapo, na uwanja umejaa vitoto vipya. Chanjo irudiwe kila mwaka. Vitoto navyo visiachwe nyumbani kwa kisingizio cha uchanga: hata vyenye umri chini ya miezi mitatu hupokea chanjo ya kichaa na hujenga kinga. Pemba walifaulu kuufuta ugonjwa, ukarudi mwaka 2016, wakaufuta tena. Huku bara kuna mbweha, nao huumwa na huuma. Watafiti waliofuatilia mikoa ya Lindi na Mtwara walikuta mbweha wengi wagonjwa, ila ufunguo ukabaki kwa mbwa: mbwa wakichanjwa vya kutosha, hata mbweha hupata nafuu.

Kwa nini ninalieleza hili kwa mama mwenye mimba? Kwa sababu kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 duniani kila mwaka, na wanne kati ya kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Mtu mzima huumwa mguu. Mtoto anayetambaa, uso wake uko sawasawa na mdomo wa mbwa. Virusi husafiri kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, na kutoka shavuni safari ni fupi. Dalili zikishajitokeza, hakuna hospitali inayoweza kuahidi kitu.

Kabla ya dalili, karibu kila kitu kinawezekana. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Sabuni huvunja ganda la mafuta linalovifunika virusi. Najua maana ya dakika 15 za maji huko kwetu. Uwanda hauna mto, mvua ikinyesha inazama mchangani, na mama zetu waliteremka mabondeni na kupanda na mitungi kichwani kabla ya Mradi wa Maji Makonde kujengwa miaka ya 1950. Hata leo bomba likikauka, ndoo moja ni pesa. Lakini ndoo hiyo ya lita 20 ikipitishwa kwenye kibuyu chirizi, yaani kidumu chenye tundu, hutiririka taratibu na hutosha dakika hizo zote. Hakuna matumizi bora ya ndoo ya maji kuliko hayo. Kidonda kisiwekwe pilipili, wala mafuta, wala majani. Na safari ya kwenda hospitali ianze siku hiyohiyo, iwe Mkomaindo, Ndanda au hospitali ya wilaya ya Newala, hata kama mwanzo ni bodaboda.

Sindano zenyewe mjamzito anachomwa, na anayenyonyesha anachomwa. Nalirudia kwa sababu nimewasikia wanawake wakisema watangoja kwanza wajifungue. Mimba haizuii chanjo ya kichaa cha mbwa wala dawa ya kinga inayodungwa kuzunguka kidonda. Kwa kawaida ugonjwa hujificha miezi miwili au mitatu, na waweza kujitokeza baada ya wiki moja tu. Anayengoja anaweza kuzaa mtoto yatima.

Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur, mgunduzi wa chanjo ya kichaa cha mbwa, mwaka 1895, huadhimishwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kusini, siku hizo korosho za kwanza huwa zinaanza kudondoka. Ni rahisi kuikumbuka.

Je, wajua kuhusu mara saba na udongo?

Mama mkwe wa mpwa wangu ni Mwislamu mshika dini, na hoja yake haikuwa ya minyoo tu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani na kusini, chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kulinda, wa shamba na wa kuwinda. Mbwa wa uani, mwenye bakuli lake mwenyewe, asiyeingia chumba cha sala wala cha mtoto, anakaa ndani ya mipaka ya dini na ya bwana mifugo kwa pamoja. Nilifurahi kuliona hilo.

Je, wajua kwamba mbwa wa nje anaweza kumfaa mtoto?

Huko Finland watafiti waliwafuatilia watoto 397 tangu kuzaliwa mpaka mwaka mmoja na wakachapisha matokeo mwaka 2012. Waliokuwa na mbwa nyumbani walipata mafua, kikohozi na maumivu ya masikio kwa uchache kuliko wengine. Walionufaika zaidi ni wale ambao mbwa wao alishinda nje na kuingia ndani saa chache tu. Finland si Newala, wala utafiti mmoja si hukumu, lakini mbwa anayeshinda nje ndiye mbwa tuliyenaye.

Basi nilimjibu hivi

Mbwa wabaki. Wapate chanjo na dawa ya minyoo kabla ya mwezi wa nane wa mimba. Baraza lizungushiwe uzio wa fito, mtoto awe na mahali pa kukaa ambapo mbwa hafiki, kwa sababu mtoto na mbwa hawaachwi peke yao hata kwa muda wa kuepua sufuria, hata mbwa awe mpole namna gani. Mbwa asiguswe akiwa anakula wala akinyonyesha. Mbwa azoeshwe sasa kulishwa na baba, ili mama atakapokuwa ndani siku arobaini, mbwa asione kwamba mtoto ndiye aliyemnyang'anya chakula. Siku ya kutoka hospitali, kanga aliyofungiwa mtoto itangulie nyumbani, mbwa wainuse. Kisha mama aingie uani mikono mitupu awasalimie, maana watamrukia kwa hamu, na bibi asimame nyuma na mtoto mpaka watulie. Masasi, kwa Wayao, mwanamke mwenye mimba ya kwanza hufundwa kwenye litiwo. Ningependa makungwi waongeze na haya.

Jumamosi bwana mifugo alifika kwao. Mbwa mkubwa alitulia. Mdogo alikimbilia nyuma ya pipa la maji akakataa kutoka, na mpwa wangu hakuweza kuinama. Aliyemfuata kule nyuma, akamkumbatia kwa mtandio wake wa zamani na kumshika mpaka sindano ikaisha, ni mama mkwe.